Mwari Hamsini wa Katekista

Katekista wetu alikuwa anahesabu ndege kwa rozari. Wanakijiji walimwona kila asubuhi ameketi kwenye jiwe lake ufukweni, midomo inacheza, vidole vinasogeza punje moja baada ya nyingine, nao wakapita wakiambiana kwa sauti ya chini kwamba tumejaliwa mtakatifu aliye hai. Mimi nilikaa karibu naye mara nyingi kiasi cha kusikia alichokuwa anasema. Alikuwa anasema, "Mnandi, mnandi, yangeyange, huyo nimeshamhesabu, rudi nyuma." Punje hamsini zikiisha alitia kijiwe mfukoni mwa koti, akaanza upya. Jioni alisali rozari yenyewe, tena kwa magoti, na kwa haki yote niseme hakuwa mtu wa kuchanganya hizo kazi mbili. Ilimtokea mara moja tu, katika msiba, alipotamka mbele ya jeneza, "Salamu Maria, umejaa neema, furukombe wawili." Wafiwa ndio waliotangulia kucheka.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo wenye ukoo watasimulia. Mimi nilimkuta mtu mzima tayari, mrefu, mwenye kanzu aliyoichomeka ndani ya mabuti ya mpira na koti la kahawia juu yake, mvua au jua. Kijiji chetu kiko Muleba, chini ya mteremko wa Kamachumu, pale ambapo migomba inaishia na mafunjo yanaanza. Padri alikuwa anatufikia mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote katekista ndiye aliyekuwa kanisa: yeye ndiye aliyefundisha, kuongoza ibada, kuzika, kupatanisha waliogombana kwa mpaka wa shamba la kahawa. Na katikati ya shughuli zote hizo, akilia ndege ambaye hakumtambua, mkono ulipanda juu na sote tulinyamaza. Mpaka leo nikiwa kanisani nikasikia ndege dirishani, namsubiri mtu ainue mkono.

Swali lake kwa dunia nzima lilikuwa moja: "Umeona, au umeambiwa?"

Aliwauliza wambea, wakakosa la kuendelea nalo. Aliwauliza wanaume waliosema wake za wenzao wanafanya hivi na vile. Alimuuliza mganga mmoja wa kienyeji aliyepita kijijini akisema ziwani kuna nyoka mwenye vichwa viwili, na mganga yule akalala kijiji cha pili. Darasani ilikuwa balaa. Siku moja aliuliza Mungu yuko wapi, tukajibu kwa pamoja kwamba yuko kila mahali, na mwenzetu mmoja wa nyuma, ambaye sasa ni mtu mzito huko Bukoba mjini, akamrudishia, "Katekista, umeona, au umeambiwa?" Tulishika vichwa, tukijua fimbo inakuja. Yeye alitazama nje ya dirisha, akasema, "Nimeambiwa na aliyeona." Kisha akatupa ruhusa tutoke mapema, naamini ili akacheke peke yake.

Mimi mwenyewe swali hilo lilinigharimu. Nilikuwa katika darasa la komunyo ya kwanza na nilitaka sana anipende. Katika kitabu cha picha cha mapadri nilikuwa nimemwona korongo nyangumi, lile dege la kijivu lenye mdomo mpana kama kiatu cha mtu mnene, na nilijua katekista amemtafuta kwenye mafunjo yetu miaka mingi bila kumpata. Basi nikamwambia nimemwona, asubuhi, nilipokwenda kuteka maji. Alifungua daftari lake. Akaniuliza, "Umeona, au umeambiwa?" Nikasema nimeona. Akauliza tena, nikasema nimeona. Mara ya tatu nililia.

Hakunipiga. Alifunga daftari akaniambia amri ya nane ina maneno mawili tu, usiseme uongo, na mtu asiyeweza kubeba maneno mawili hawezi kubeba Mwili wa Bwana. Wenzangu walipokea Pasaka. Mimi nilisubiri hadi Krismasi, na gauni jeupe alilonishonea mama likawa limeshanibana kwapani. Katika picha ya siku hiyo nimeinua mikono kidogo kama kifaranga, na ndugu zangu wananitania kwa hiyo hadi leo.

Kifaranga nimemtaja kwa makusudi, maana mtu huyu aliyependa ndege kuliko usingizi wake alichukia kuku. Alisema kuku si ndege, ni mpangaji. Mke wake alifuga saba, naye alipita katikati yao kila siku bila kuwaangalia, na akiulizwa nyumbani kwake kuna ndege wangapi alijibu, "Njiwa wawili, na wengine wasiohesabika." Sikukuu ikifika aliwala kwa moyo mweupe.

Halafu kulikuwa na habari ya senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Kwetu senene wakishuka hata mgonjwa anaamka, na yeye alijivunia kujua siku moja kabla, kwa kuwatazama mbayuwayu wanavyoruka chini. Mwaka mmoja walishuka siku ya Alhamisi jioni, na asubuhi yake, Ijumaa ya kutokula nyama, kijiji kizima kilikuwa kimekaa na vikapu vimejaa, kikimsubiri katekista aamue kama senene ni nyama au si nyama. Aliomba aletewe sahani ili alichunguze jambo hilo vizuri. Alichunguza sahani ya kwanza, akachunguza na ya pili. Alipomaliza ya tatu alitangaza kwamba kiumbe kisicho na damu hakiwezi kuwa nyama, na akaongeza kwamba hilo hakuambiwa, ameliona.

Uhuru aliusherehekea namna yake. Tulipokuwa tunacheza ngoma uwanjani, na bendera mpya imepanda, yeye aliangalia juu yake, kwenye kundi la mbayuwayu waliokuwa wamewasili kutoka Ulaya kama kila mwaka mwezi ule. Alimwambia mama yangu kwamba hao ndio Wazungu watakaoendelea kuja bila kuomba ruhusa. Alikuwa na furaha kubwa siku hiyo. Alivua mabuti akacheza pekupeku, jambo ambalo halikurudiwa.

Safari yake kuu ilikuwa ya Rubondo. Siku hizi ni hifadhi ya taifa na wageni wanakwenda na kamera zao, lakini wakati ule ilikuwa habari ya kusikia tu: kwamba upande wa kusini wa ziwa kuna kisiwa kimetengwa kwa ajili ya wanyama, na kwamba serikali inawapeleka kwa boti. Mvuvi mmoja wa Goziba alikuja kuuza dagaa akaapa kwamba hata twiga amevushwa. Kijiji kilicheka. Twiga apande boti, akae wapi, ashike wapi? Katekista hakucheka. Alimuuliza yule mvuvi swali lake, mvuvi akakiri ameambiwa, na kesho yake katekista alikuwa amedandia boti ya wavuvi, na mkate wa mke wake kwenye mfuko.

Alipotea siku tisa. Jumapili ya pili aliingia kanisani, amechubuka pua kwa jua, akaongoza ibada yote kama kawaida. Baada ya matangazo alisimama, akatutazama, akasema, "Nimeona." Akakaa. Ilitubidi tumfuate nyumbani ili tupate yaliyobaki: shingo juu ya miti, na askari wa wanyama aliyemkaribisha uji akamzungusha kwenye ghuba zilizojaa ndege, na mwishowe akampa darubini kuukuu yenye jicho moja zima. Tangu siku hiyo hakuwahi kumtazama ndege bila kufumba jicho la kushoto, hata pale ambapo hakushika darubini.

Sasa nifike kwenye mwari. Mwari ni ndege mkubwa wa majini mwenye mfuko chini ya mdomo, na kwetu walilala kwenye kisiwa kidogo kilichokuwa mbele ya kijiji, umbali wa kupiga kasia kidogo tu. Tulikiita Kanyonyi, kwa Kihaya kijidege. Hapakuishi mtu. Palikuwa na mitoma mikubwa, na juu yake viota, na mwari hao katekista aliwapenda kupita ndege wote, kwa sababu walitimiza rozari nzima na kuzidi. Sisi tuliosoma Kiswahili shuleni neno lenyewe tulilipata kwake. Alikuwa na orodha ya majina ya ndege aliyoinakili kutoka kwenye kamusi ya mapadri, na alitukaririsha kama litania.

Miaka ya vijiji vya ujamaa ilipofika mimi nilikuwa mwalimu katika shule ileile niliyosoma. Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bidii tu, na shamba la ujamaa la mihogo lilikuwa limemshinda kwa ajili ya ngedere. Basi akapata wazo kwamba ngedere hawajui kuogelea. Kamati ikaazimia: Jumamosi kila nguvu kazi ivuke na panga hadi Kanyonyi, mitoma ikatwe, mihogo ipandwe.

Katekista alisimama mkutanoni akasema pale pana wakazi. Mwenyekiti akamuuliza wakazi gani. Akasema mwari, hamsini na zaidi. Mwenyekiti, kwa upole kabisa, akafungua daftari la kijiji akamuuliza kama hao wameandikishwa. Watu walicheka, nami nilicheka, na hadi leo ninajilaumu kwa kicheko kile, maana nilipomgeukia nilimwona ameshakaa chini. Kwa siku mbili jiwe lake lilikuwa tupu, na mke wake alikuja shuleni kuniambia hali chakula, hata senene wa kukaanga waliobaki kwenye kopo. Nilimhofia kweli.

Siku ya tatu aliniita. Alitaka kuandika barua kwa ofisi moja ya Bukoba, na alitaka mwandiko wangu kwa kuwa wake ulifanana na nyayo za yangeyange kwenye tope. Alisema, mimi nikaandika:

"Ndugu, naomba kukuarifu kwamba katika kisiwa cha Kanyonyi wapo mwari hamsini na zaidi. Wanalala huko bila ulinzi, na baadhi yao wana watoto. Hawajaandikishwa katika kijiji. Kamati imeazimia kwenda kuwaondoa kwa mapanga siku ya Jumamosi. Naomba ufike kabla ya siku hiyo, maana wenyewe hawana pa kusemea."

Mimi mwalimu nilimsahihisha mahali pamoja. Nikamwambia mtoto wa ndege ni kinda, yeye mwenyewe alitufundisha. Akasema, "Andika watoto, mwana wange. Wakubwa wa mjini hawajui makinda." Nikaandika watoto. Barua ikapanda basi.

Ijumaa saa nne asubuhi Land Rover iliteremka mteremko wa Kamachumu na vumbi lake. Alishuka Afisa mmoja aliyevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, mgambo wawili, muuguzi, na mama mmoja mkakamavu wa ustawi wa jamii aliyebeba kipaza sauti cha mkononi. Nyuma ya gari kulikuwa na robota la mablanketi. Afisa hakutaka hata maji. Alimuuliza mwenyekiti kisiwa kiko wapi, kwa sauti iliyomfanya mwenyekiti aonyeshe kwa kidole bila kuuliza sababu. Mitumbwi miwili ikasukumwa. Katekista aliingia wa kwanza na darubini yake, nami nikaingia kwa kuwa mwandiko ulikuwa wangu.

Tulipokaribia, yule mama alisimama mtumbwini, muuguzi akimshika kiuno, akainua kipaza sauti.

"Wanangu," akaita, na sauti ikagonga miti ikarudi. "Tokeni, msiogope. Tumekuja kuwachukua. Mablanketi yapo."

Mwari wote waliruka kwa pamoja. Kisiwa kizima kilijiinua. Mabawa yalitupiga upepo, mgambo mmoja akalala kifudifudi juu ya samaki, na ndege mmoja, alipopita juu yetu, alimwachia Afisa kitu cheupe kuanzia bega hadi mfuko wa kalamu. Mama bado alikuwa ameshika kipaza sauti mdomoni.

"Mwari wako wapi?" Afisa akauliza.

"Hao, Ndugu Afisa," katekista akajibu, akiwafuata kwa jicho moja. "Leo asubuhi walikuwa hamsini na watatu, ukiacha watoto."

Mambo mengine alituambia dereva baadaye, tulipompa ndizi na samaki. Barua ilikuwa imefunguliwa na karani wa mjini Bukoba, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Kwa Kiswahili cha kwao mwari ni msichana aliyevunja ungo, anayewekwa ndani afundwe mambo ya ukubwa. Karani alisoma, akashika kichwa, akaenda mbio kwa mkubwa wake kusema Muleba kuna wasichana hamsini wametelekezwa kisiwani na watoto wao, na kesho kutwa wanakwenda kufyekwa. Mkubwa alipouliza mbona ameandika mwari na si wari, karani alimjibu asishangae, hao ni Wahaya, r na l tu zinawashinda, sembuse wingi.

Kule mtumbwini katekista aliinamisha kichwa. Akaomba radhi. Akasema Kiswahili chetu ni cha kujifunzia shuleni. Niliona aibu kwa niaba yake na kwa niaba ya shule nzima. Ila yule mama alianza kutikisika mabega, akakaa chini mtumbwini, akacheka mpaka muuguzi akamshika asianguke majini, na kicheko kikamwambukiza kila mtu isipokuwa Afisa. Afisa alikuwa anafikiri. Ametoka Bukoba na gari la serikali, mafuta ya serikali, mgambo, muuguzi na robota la mablanketi. Atarudi aseme amekwenda kuokoa ndege?

Aliporudi ufukweni aliomba daftari la kijiji. Aliandika polepole, na doa jeupe begani limeanza kukauka: "Nimefika Kanyonyi kukagua mwari. Nimewakuta hamsini na watatu, wazima. Wasibughudhiwe, na miti yao isikatwe." Akatia sahihi. Mwenyekiti akagonga muhuri kwa mkono wake mwenyewe, na alipomaliza akabaki anautazama, maana sasa mwari walikuwa wameandikishwa. Mihogo ilipandwa nyuma ya shule, ngedere wakala sehemu yao. Mablanketi yaliachwa kwenye zahanati.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikimtania katekista kwa kosa lile. Nilimwita mwalimu wa Kiswahili. Alipokea utani wote kwa unyenyekevu ambao, nikiufikiria sasa, haukuwa wa kawaida yake.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda mrefu ilikuwa Rubondo. Nilikuwa mwalimu mkuu, tumewaleta wanafunzi wa darasa la saba kuitazama hifadhi, nikaomba naye aje kwa sababu alikuwa na fimbo sasa na nilijua hatapata safari nyingine. Mabuti ni yaleyale, au ndugu zao. Kijana mhifadhi aliyetuongoza aliwaambia watoto kuna ndege aina hii na hii, katekista akamuuliza swali lake, kijana akajibu ameona, akapewa mkono wa pongezi. Watoto walikwenda kumtafuta twiga. Sisi wawili tulibaki kwenye ghuba, tukiwatazama mwari wakivua kwa pamoja, wamejipanga mstari, vichwa vinaingia majini na kutoka. Yeye alitoa rozari.

Akiwa kwenye punje ya thelathini na kitu aliniambia ana dhambi moja ambayo padri anakataa kumwondolea. Anaipeleka kila Pasaka. Kila Pasaka, akifika pale mama anapoinua kipaza sauti, anacheka, na padri upande wa pili wa kitubio naye anacheka, kisha anamwambia aondoke, arudi akiwa amejuta.

"Tata," nikamwambia, kama tunavyomwita baba kwa Kihaya, "kosa la lugha si dhambi."

"Neno lile lina maana mbili," akasema, bila kuacha kuhesabu. "Katika kamusi ya mapadri zimeandikwa zote mbili, msichana juu, ndege chini. Nilizisoma siku ile ya barua, kabla ya kukuita."

Nikakumbuka watoto badala ya makinda. Nikakumbuka wasioandikishwa, wasio na pa kusemea, kwa mwandiko wangu mzuri. Kicheko kilinipanda kutoka mbali, na nyuma yake kilipanda kitu kingine, gauni jeupe lililonibana kwapani.

"Katekista," nikasema, "mimi ulininyima komunyo Pasaka hadi Krismasi kwa korongo mmoja. Mmoja tu. Na wewe umeidanganya serikali kwa mwari hamsini."

Alifumba jicho la kushoto, akamaliza mstari wote wa ndege hadi wa mwisho, akasogeza punje, akatia kijiwe mfukoni.

"Mimi, mwana wange," akasema, "nilikuwa nimewaona."